Somo: Figili pwani tunapanda kipupwe, hatungoji vuli

Sisi wa pwani tumezoea kushika jembe mvua ikigonga bati. Kwa mchicha na bamia ni sawa kabisa. Kwa figili siyo. Mimi hapa Tanga nilipanda figili nyekundu Novemba mbili mfululizo, vuli ilipoanza, na mara zote nikavuna majani. Mizizi michache iliyojaa, nilipoipasua kwa kisu, ndani ilikuwa na matundu matundu kama sifongo. Ukitafuna husikii maji, unasikia ukali tu unaopanda puani. Mbegu ilikuwa nzima. Joto ndilo lililoniponza.

Figili ni ndugu wa kabichi na sukuma wiki, na kama ndugu zake inapenda ubaridi. Mzizi unajaa vizuri kwenye nyuzi joto 10 hadi 20 hivi. Joto likipita 27 siku baada ya siku, mmea unaacha kunenepesha mzizi na kukimbilia kutoa maua. Kwa hiyo kabla hujauliza mvua inanyesha lini, uliza usiku unapoa lini.

Hatua ya 1: Chagua mwezi. Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, panda kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai, kusi linapovuma na usiku unashuka hadi nyuzi 20 au chini yake kidogo. Figili nyekundu ndogo huwa tayari siku 25 hadi 30, kwa hiyo ukipanda kidogo kidogo kila baada ya siku 10, utakula kipupwe chote. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi likiwa limetawala, usijisumbue na hizo nyekundu. Ukitaka figili muda mrefu zaidi, tafuta zile nyeupe ndefu zinazovumilia joto. Pusa Chetki, aina iliyozalishwa New Delhi, hukomaa siku 40 hadi 45, na hiyo naithubutu hata Aprili au Septemba.

Wa Lushoto, Arusha, Mbeya au Limuru mna bahati, mnaweza kupanda karibu mwaka mzima. Ogopeni tu wiki za mvua kubwa, maana mzizi uliolowa mno hupasuka na kuoza.

Hatua ya 2: Andaa tuta. Hapa usifanye haraka. Lima hadi sentimita 20, na 30 kwa zile nyeupe, uvunje mabonge yote na kutoa mawe na mizizi ya zamani. Mzizi wa figili ukikutana na kokoto unagawanyika miguu miwili kama suruali. Samadi iwe imeoza mpaka haina harufu tena. Samadi mbichi nayo huleta mizizi yenye miguu. Urea usiweke. Udongo wetu wa mchanga hukauka upesi, kwa hiyo mimi huongeza mboji ndoo moja kwa kila mita moja ya mraba. Na pasiwe mahali palipotoka kabichi au sukuma wiki, kwa sababu wadudu na magonjwa yao ni yale yale.

Hatua ya 3: Panda moja kwa moja tutani. Kitalu hapana, figili haipendi kuhamishwa. Chora mfereji wenye kina cha ukucha wa kidole gumba, mstari hadi mstari sentimita 15 (30 kwa nyeupe), dondosha mbegu, funika, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Zinaota siku ya 3 hadi ya 5.

Hatua ya 4: Ng'olea. Hapa ndipo wengi wanapoona huruma na kuharibu kila kitu. Miche ikifika wiki moja, bakiza mmoja kila sentimita 5, na kwa nyeupe kila sentimita 10 hadi 15. Uliyoing'oa ioshe, ichanganye na mchicha jikoni, hakuna kinachopotea.

Hatua ya 5: Maji yasikatike. Asubuhi kabla ya jua kali, na jioni tena kama udongo umekauka. Ukiacha siku tatu pakavu kisha ukamimina maji mengi, mizizi inapasuka. Tandaza nyasi kavu au makapi ya mpunga kati ya mistari. Mchana jua likiwa kali, kivuli chepesi cha makuti kuanzia saa 5 hadi saa 9 kinasaidia, ila asubuhi jua lipate kuingia.

Hatua ya 6: Ng'oa mapema. Mabega ya mzizi yakichungulia juu ya udongo, ukubwa wa gololi kubwa au limau dogo, toa. Figili haingoji soko. Ukiiacha wiki moja zaidi, inageuka ile sifongo niliyoisema.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mombasa): Dada, zangu zina wiki ya tano, majani yananifika magotini lakini chini kuna uzi tu. Nilitia mbolea ya kuku.

Jibu: Pole sana. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi, nayo inalisha majani. Angalia pia kama ulizing'olea na kama jua linafika. Hizo kwa sasa zile kama mboga, kaanga na kitunguu na tui la nazi, ni tamu. Awamu ijayo tumia mboji ya zamani.

Swali (Unguja): Shikamoo. Sina shamba, nina ndoo na dari tu. Inawezekana?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nyekundu zinakubali sana kwenye beseni au ndoo yenye udongo wa sentimita 15 hadi 20. Toboa chini, maji yapite. Dari la zege linachoma, kwa hiyo inua ndoo juu ya matofali, na mwagilia mara mbili kwa siku.

Swali (Arusha): Majani yana matundu madogo mengi kama yamepigwa sindano.

Jibu: Chunguza asubuhi utaona vidudu vyeusi vidogo vinavyoruka kama viroboto. Miche michanga ndiyo inayoumia zaidi. Funika tuta kwa neti ya mbu nzima tangu siku ya kupanda, kingo uzifukie udongoni. Majivu juu ya majani husaidia kidogo, lakini yakilowa yarudie.

Swali (Maskati): Huku tunafuata miezi hiyo hiyo?

Jibu: La, kwenu Juni ndiyo moto wenyewe. Pandeni Oktoba mwishoni hadi Februari. Na figili kwenu si mgeni, hata jina letu limetokana na fijl ya Kiarabu.

Swali (Dar es Salaam): Mbili zimeshatoa maua. Nizitupe?

Jibu: Usizitupe. Mzizi umeshakuwa mgumu, lakini ngoja vitumba vya mbegu. Vichume vikiwa kijani na vinakatika kwa urahisi, vitie kwenye kachumbari. Ukitaka mbegu, viache vikauke hapo hapo shinani, ila kama mbegu uliyonunua ilikuwa chotara, watoto hawatafanana na mama.