Kumzoeza mbwa asibweke kengele ya mlango ikilia
Rekodi kengele yako kwenye simu. Ifungulie kwa sauti ya chini kabisa, na papo hapo, kabla mbwa hajabweka, mpe kipande cha nyama ya kuchemsha, kisizidi punje ya mahindi. Rudia mara 10, kisha mwache apumzike. Vipindi viwili kwa siku vinatosha. Akianza kukutazama wewe badala ya mlango, ongeza sauti kidogo. Akibweka, umeharakisha: ipunguze tena. Usimkemee kamwe! Kelele zako zinamthibitishia kwamba mlangoni kuna hatari.

Baadaye mwelekeze kwenye mkeka wake kila kengele inapolia, nyama aipate hapo tu. Kisha mtu wa nyumbani abonyeze kengele yenyewe. Kwa kipindi chote hicho wageni wapige simu wakifika, la sivyo atarudia kubweka.