Kichocho: yasome maji kabla hujayakanyaga

Konokono wa kichocho hupenda maji yasiyo ya chumvi, yaliyotulia au yanayokwenda polepole, yenye majani. Kwa fimbo, geuza jani la yungiyungi pembezoni mwa mfereji: mara nyingi wamegandia upande wa chini, wengine wadogo kuliko punje ya mahindi. Usipowaona usijiaminishe, maana vimelea wanavyovitoa, ambavyo hupenya ngozi ya mtu, huchukuliwa na mkondo, na maji maangavu hayathibitishi chochote.

Saa nayo ina uzito. Vimelea vya kichocho cha mkojo na cha tumbo hutoka kwa konokono kwa kufuata mwanga, kwa wingi zaidi karibu na saa sita mchana, saa ileile watoto wanapoogelea. Inasikitisha!

Maji ya kuoga yachuje kwa kitambaa kizito, kisha yafunike siku 2 nzima. Vikishatoka kwa konokono, vimelea haviishi majini zaidi ya saa 48. Ukiruka kuchuja, konokono mmoja pipani ataendelea kuvitoa kila siku.

Mfereji ukikauka pia usidanganyike. Baadhi ya konokono hujifukia matopeni kwa miezi, mvua ikirudi wanazaana upya. Ndiyo maana kufyeka majani mara moja hakutoshi.