SOMO: Namna ya kuendesha kipindi cha afya cha kupiga simu kwenye redio ya jamii

Wakuu, salaam. Mwezi huu vijana watatu wameniuliza jinsi ya kuanzisha kipindi cha afya ambacho wasikilizaji wanapiga simu, na wote wameanza kwa kuuliza vifaa. Vifaa nitavigusa. Ila nimekaa miaka kumi na moja kwenye redio ya jamii, na ninachokiamini ni hiki: kipindi cha namna hii kinafaulu au kinaharibika ndani ya dakika mbili ambazo mpigaji anaongea na mpokea simu, kabla sauti yake haijaingia hewani. Kwa hiyo somo litakaa hapo zaidi.

Kuelimishana afya kwa redio si jambo geni hapa Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Walichokosa ni njia ya kumuuliza aliyekuwa studio papo hapo. Simu imetupa njia hiyo, na imekuja na hatari ambazo wazee wetu hawakuwa nazo.

Hatua ya 1: Mada iwe ndogo

"Afya ya mama na mtoto" si mada, ni idara nzima ya hospitali. "Mtoto anaharisha usiku na zahanati imefungwa, nifanye nini mpaka asubuhi" ndiyo mada. Ukiwa nayo, mtaalamu anajua ajiandae na nini, na anayepiga anajua anauliza nini. Mambo ya sera, kama bima ya afya kwa wote ambayo Bunge liliipitisha Novemba 2023, yape siku yake na mgeni wake. Ukimuuliza daktari wa watoto habari za michango ya bima atabahatisha, na watu watalichukua jibu lake kama lilivyo kwa sababu ni daktari.

Hatua ya 2: Kaa na mtaalamu siku moja kabla

Usimpokee mgeni mlangoni mwa studio dakika tano kabla ya kipindi. Mfuate kituoni kwake, mnywe chai, mkubaliane mambo mawili.

La kwanza ni lugha. Mtaalamu atasema "malaria kali". Mama aliyeko kijijini anasema "degedege", na kwa wengi degedege si malaria kabisa, ni jambo la mizimu linaloanzia kwa mganga wa kienyeji. Wewe mtangazaji usipoyaunganisha maneno hayo mawili, mama atasikiliza kipindi chote cha malaria akiamini hakimhusu. Hali kadhalika vipimo. Daktari akisema pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa anayeharisha, inachanganywa na lita moja ya maji safi na salama, muulize lita moja nyumbani ni kiasi gani. Chupa mbili za maji za nusu lita, basi. Ukiacha tu "lita moja", kuna atakayeikoroga kwenye kikombe cha chai, na mchanganyiko mzito kupita kiasi unaweza kumdhuru mtoto.

La pili ni mpaka. Mtaalamu hatamwambia mpigaji anaumwa nini wala ameze kidonge gani, maana hajamwona, hajampima. Atamweleza dalili zinazomtaka mtu aende kituoni leo, zile zinazoweza kusubiri, na akifika aulize nini. Wataalamu wengine wanaona aibu kusema "siwezi kujua hilo kwa simu". Mwambie mapema kwamba wewe utamuunga mkono akilisema.

Hatua ya 3: Vifaa

Kama kituo kina kifaa cha kuunganisha simu na miksa, yaani mtambo wa kuchanganya sauti, vizuri. Kama hakina, waya wa kutoka tundu la spika za masikioni la simu kwenda miksa unafanya kazi. Usiweke simu kwenye spika mbele ya maiki, hakuna atakayesikia kitu. Uwe na laini mbili, moja ya hewani na moja ya kupokelea. Vituo vikubwa vina mtambo unaochelewesha sauti kwa sekunde chache ili neno baya likatwe kabla ya kutoka. Redio zetu nyingi hazina. Ndiyo maana hatua inayofuata ndiyo kinga yako.

Hatua ya 4: Dakika mbili za nje ya hewa

Nianze na kilichonifundisha. Mwaka wangu wa pili tulikuwa tunaunganisha simu moja kwa moja. Jioni moja mwanaume akapiga kuuliza kama mama mwenye VVU anaweza kujifungua mtoto asiye na maambukizi. Swali zuri mno. Lakini kabla ya kuliuliza akaeleza: ni shemeji yake, ana mimba ya miezi saba, anauza maandazi karibu na stendi. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye miksa. Nilishusha sauti, nimechelewa. Mji wetu una stendi moja, na muuza maandazi mjamzito alikuwa mmoja. Yule dada alihama mji kabla ya kujifungua. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mtu kuhusu hali yake, na tangu 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Hata kama zisingekuwepo, nisingeusahau usiku ule.

Tangu hapo mpokea simu ana daftari, na anamuuliza kila mpigaji haya, kwa upole na kwa mpangilio huu:

1. Mgonjwa ni nani, wewe au mwingine? Yuko hivi sasa katika hali gani? (Kama ni dharura, simu haiendi hewani. Nitarudi hapa chini.)
2. Swali lako ni lipi, kwa sentensi moja? Wengi hawana sentensi, wana historia. Msikilize, kisha mrudishie: "Kwa hiyo unataka kujua kama dawa za presha zinaachwa ukijisikia nafuu?" Akisema ndiyo, mmemaliza.
3. Tukuite nani hewani? Si jina lake. "Mama wa Kilindi" inatosha. Eneo lisiwe dogo kuliko wilaya au kata kubwa.
4. Kisha maagizo: usitaje jina la mtu, mtaa, wala kituo cha afya unachokilalamikia, na uzime redio iliyo karibu nawe.

Hilo la kuzima redio linaonekana dogo. Mpigaji asipozima, mwangwi unamchanganya, anaanza kujisikiliza, anasahau alichotaka kusema na anamalizia kwa kusalimia ukoo mzima.

Aliye na malalamiko ya kweli juu ya kituo usimzime. Chukua maelezo yake pembeni, mpigie mganga mkuu wa wilaya kesho yake, uje na majibu wiki ijayo. Nimeona dawa zikirudi kabatini kwa njia hiyo.

Hatua ya 5: Hewani

Jibu linalotolewa si la mpigaji peke yake. Kwa mmoja aliyepiga, wapo wengi wenye swali hilohilo wasio na salio au wasio na ujasiri. Kwa hiyo mtaalamu akimaliza, rudia jibu kwa maneno yako na umuulize kama umelielewa sawa. Mara nyingi atakurekebisha, na kule kukurekebisha ndiko wasikilizaji hukumbuka.

Hatua ya 6: Baada ya kipindi

Piga picha kurasa za daftari, funika namba za simu, mpe mtaalamu. Maswali ambayo hayakufika hewani ndiyo mada zako za mwezi ujao.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, ahsante kwa somo. Kwetu zamu ya jioni ni watu wawili tu, mtangazaji na fundi mitambo. Nani atapokea simu?

Jibu: Basi msiunganishe simu moja kwa moja. Tangazeni namba tangu asubuhi, watu wabipu au watume ujumbe, nyie muwapigie mchana na kurekodi maswali. Jioni mnacheza sauti zao mbele ya mtaalamu. Kipindi kinapungua msisimko kidogo, usalama unaongezeka sana.

Swali: Kaka shikamoo. Wanaopiga kipindi chetu ni wanaume watupu, hata tukizungumzia uzazi wa mpango. Tumewabembeleza akina mama mpaka tumechoka.

Jibu: Marahaba dada. Angalieni saa. Saa moja jioni mama yuko jikoni, na simu ya nyumba iko mfukoni mwa baba. Tulihamisha marudio ya kipindi yakawa asubuhi, tukatenga dakika ishirini za mwanzo kwa sauti za wanawake tu. Kilichosaidia kuliko vyote ni kwenda na kinasa sauti siku ya kliniki ya watoto. Mama akiwa kwenye foleni na wenzake anauliza mambo ambayo hatayauliza mume akiwa karibu. Ombeni ruhusa ya kituo na ya kila mama, na msichukue majina.

Swali: Kuna tabibu wa tiba asili anataka kununua saa nzima, anasema anaponya kisukari na presha. Kituo kinadaiwa umeme. Tufanyeje?

Jibu: Najua deni la umeme linavyouma, lakini saa hiyo msimuuzie. Tiba asili inatambulika kisheria tangu 2002 na ina Baraza lake, kwa hiyo muulizeni usajili wake, na kama anatangaza dawa, aonyeshe kibali cha tangazo lenyewe. Akija kama mgeni anayeulizwa maswali akiwa na mtaalamu wa hospitali pembeni, sina pingamizi. Kuponya kisukari hewani, hapana. Wengi tunakumbuka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao.

Swali: Wapiga salamu wanamaliza laini zetu.

Jibu: Wapeni kipindi chao kabla ya hiki. Msiwadharau, wanavijua vijiji vyote na ndio watakaotangaza kipindi chenu bure.

Swali: Mpigaji akisema kijijini kwao watu wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana, tumrushe?

Jibu: Hapana, wala msimpuuze. Chukua jina la kijiji nje ya hewa, piga namba 199 ya Wizara ya Afya na umtaarifu mganga mkuu wa wilaya, saa hiyohiyo. Machi 2023 kule Bukoba Vijijini habari zilianza hivyohivyo, watu wanazungumzia ugonjwa usiojulikana, mpaka wizara ilipotangaza tarehe 21 kwamba ni Marburg. Kutangaza mlipuko ni kazi ya wizara. Kazi yako inaanza baada ya tangazo: kueleza kwamba unaambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au marehemu, na kwa nini mazishi yabadilishwe kwa muda. Na usiache njiani. Mlipuko ule ulitangazwa kwisha Juni 2, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, na siku zote hizo watu walihitaji kusikia kwa nini bado wananawa.

Swali: Umesema dharura haiendi hewani. Mama akipiga simu kwamba mtoto anatupa mikono na miguu, daktari yuko studio, kweli nimnyime?

Jibu: Humnyimi. Weka wimbo, mtoe daktari nje na simu mkononi, mama apate sikio lake lote. Hewani mama atajibana kwa aibu na daktari atachagua maneno. Nje atamwambia haraka: mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, tafuta usafiri. Wakati huo wewe tafuta namba ya kituo cha afya kilicho karibu naye uwataarifu anakuja. Namba hizo za vituo ziandike mapema na uzibandike ukutani mbele ya mpokea simu, pamoja na 199, na 115 ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Wimbo ukiisha kabla hawajamaliza, weka mwingine.