Somo: Kuitambua Carrera RS 2.7 nyepesi (M471), ili msiniulize tena

Wakuu, wiki hii nimetumiwa picha za Porsche 911 nne na swali lile lile: "Fundi, hii ni RS?", yaani ile 911 ya mashindano, Carrera RS 2.7. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Tujue kwanza tunatafuta nini. Ili gari likubaliwe mashindanoni, Porsche ilibidi watengeneze 500. Waliionyesha Paris Oktoba 1972, watu wakaigombania, zikafika 1,580. Kati ya hizo, 1,308 ni Touring (M472, namba ya kiwanda ya aina ya vifaa), zenye starehe za 911S, ile 911 ya kawaida ya hali ya juu, na uzito wa kilo 1,075. Nyepesi, M471, ni 200 tu, kilo 960. Kwa hiyo Touring ni RS halali kabisa, ila si nyepesi. Hapo ndipo wengi mnapigwa.

Hatua ya 1. Sahau mkia wa bata (lile bawa dogo la nyuma) na maandishi ya ubavuni. Vinauzwa dukani.

Hatua ya 2. Rimu: mbele inchi 6, nyuma 7. Mabega ya nyuma yawe yamepanuliwa kwa bati, si kwa pati.

Hatua ya 3. Ndani hakuna saa, hakuna viti vya nyuma, kabati la dashibodi halina kifuniko, mlango unafunguliwa kwa kuvuta mkanda. Nembo ya mbele ni stika. Lakini kung'oa saa ni kazi ya dakika kumi, kwa hiyo hapa bado hujathibitisha kitu.

Hatua ya 4. Namba. Ya bodi imegongwa kwenye bati chini ya zulia la buti ya mbele, na RS huanza na 911360. Ya injini iko kwenye kasha la injini, kulia kwa feni. Ya RS huanza na 663, na aina yake ni 911/83. Soma ZOTE MBILI, maana injini huhamishwa.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nikiwa bado kijana karakanani, nilikuta namba ya bodi imefunikwa na uchafu na rangi ya zamani. Nikachukua msasa. Namba ikatoka safi, inang'aa, nami nikajiona fundi. Mnunuzi alipofika akaiangalia, akafunga boneti, akaondoka bila kuaga. Bati lililosuguliwa kuzunguka namba ndiyo alama ya kwanza ya namba iliyochezewa, na hakuna maelezo yatakayoirudisha ile rangi ya kiwandani. Gari lilikuwa halali, mimi ndiye niliyelitia doa. Kwa hiyo: MSASA HAPANA, brashi ya waya hapana, dawa ya kutoa rangi hapana. Kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, tochi ilazwe pembeni ili kivuli kiingie kwenye tarakimu, piga picha. Isiposomeka, iache hivyo hivyo.

Hatua ya 5. Linganisha namba na kumbukumbu za kiwanda. M471 iwe imeandikwa humo.

Na msiegemee gari la watu! Za mwanzo zina bati la milimita 0.7. Kiwiko kinatosha kuacha bonde.

MASWALI

Wa Nakuru: Mkuu, kuna jamaa anauza nyeupe, ina mkia wa bata na Carrera ya bluu ubavuni. Ni yenyewe?
Jibu: Hatua ya 1.

Wa Nakuru: Sasa si unisaidie tu? Bei nzuri.
Jibu: Nimekusaidia kwa hatua tano. Chini ya zulia umeangalia?

Wa Tanga: Shikamoo fundi. Walipataje lita 2.7 bila kubadili injini nzima?
Jibu: Marahaba. Swali zuri. Mwendo wa pistoni waliuacha milimita 70.4, wakapanua silinda kutoka 84 hadi 90. Ukipanua hivyo kuta zinakuwa nyembamba, na hapo ndipo Nikasil ilipowaokoa: utando mgumu wa nikeli na silikoni kabaidi ndani ya silinda ya alumini. Piga hesabu, silinda sita zinakupa cc 2,687. Nguvu ikawa farasi 210.

Wa Mombasa: Baba yangu aliiona Safari Rally ya 1974, dereva Waldegård wa pili na Porsche, nyuma ya Joginder Singh. Ile nayo ilikuwa nyepesi?
Jibu: Ilitokana na RS, lakini kwa Safari unainua gari na kulikaza chini, uzito unarudi. Barabara zetu hazijali kilo 960.

Wa Tanga: Mafuta ya taa hayali rangi?
Jibu: Kwa kufuta na kukausha papo hapo, hapana. Usiloweke.

Wa Nakuru: Haya, nimeangalia. Inaanza 91131.
Jibu: Hiyo ni 911T, ile 911 ya bei ya chini. Gari zuri sana. Lipa bei ya T.