SOMO: Kukusanya postikadi za Lubumbashi na kujua ni za mwaka gani (soma kabla ya kunitumia picha)

Wapendwa, kwa wiki hizi mbili nimepokea picha kumi na moja za postikadi, zote za upande wa mbele, zote na swali lilelile: "Mukubwa, hii iko ya mwaka gani?" Nimejibu mpaka nimechoka. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Ninazozungumzia ni karte postale za kisasa, za rangi, kuanzia miaka ya 1960 mpaka leo. Zile za Wabelgiji, nyeusi na nyeupe, zina watu wake na Ulaya wanazigombania. Zetu hizi hakuna anayezigombania, ndiyo sababu zinafungiwa karanga sokoni na kuwashia makaa. Nimeona kwa macho yangu.

Hatua ya 1. Chagua mji mmoja. Ukikusanya kila kitu utakuwa na rundo tu.

Hatua ya 2. Tafuta kwa wauza vitabu wanaotandaza chini mjini, kwa studio za foto za zamani, na zaidi ya yote kwa wastaafu wa migodi na wa treni. Kadi nzuri ziko kwenye makabati ya nyumba za Kamalondo na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, haziko madukani.

Hatua ya 3. Omba kwa adabu. Mgongoni kuna barua ya mtu. Kama familia haitaki maneno yale yasomwe na wengine, unapewa kadi lakini maneno unayafunika.

Hatua ya 4. Geuza kadi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mbele utaona mji. Mgongoni utaona nani alikuwa na nguvu ya kuutaja mji huo, aliuita jina gani, na aliulipia kwa pesa ipi. Mji wetu umepewa majina na wakubwa wa kila zama, na kila jina linakusaidia kuhesabu.

Élisabethville, jina la kwanza la Lubumbashi, ni kuanzia 1910 hadi 1966, mwaka ambao Léopoldville nayo iliitwa Kinshasa. Nchi ilikuwa Congo belge (Kongo ya Wabelgiji) mpaka tarehe 30 Juni 1960, ikawa Zaïre tangu tarehe 27 Oktoba 1971, ikarudi Congo Mei 1997. Jimbo letu liliitwa Shaba katika miaka hiyohiyo ya Zaïre, na mwaka 2015 Katanga ikagawanywa vipande vinne, sisi tukabaki Haut-Katanga. Kwa hiyo kadi inayosema "Lubumbashi, Shaba" ni ya zama za Mobutu, huna haja ya kuniuliza. Yenye shida ni ile inayosema "Lubumbashi, Katanga": inaweza kuwa ya kati ya 1966 na 1971, na inaweza kuwa ya baada ya 1997. Hapo utafute dalili nyingine.

Angalia tembre, yaani stempu ya posta. Pesa za zaïre na makuta zilianza 1967. Nouveau zaïre ilikuja 1993. Franka ilirudi 1998, lakini kumbuka kwamba hata kabla ya 1967 tulikuwa na franka, kwa hiyo neno "F" peke yake halitoshi.

Angalia majina ya kampuni na shule. Shirika la reli: SNCZ kwenye behewa ni Zaïre, SNCC ni Congo. Chuo kikuu kikiitwa UNAZA ni kati ya 1971 na 1981. Union Minière, kampuni ya migodi, ilitaifishwa 1967, baadaye ikawa Gécamines. Nina kadi mbili zinazoonyesha bomba lilelile la moshi na kilima kilekile cheusi cha mabaki ya shaba, zimepigwa karibu mahali pamoja. Moja imeandikwa jina la kwanza, nyingine la pili. Mtu akinionyesha picha zake tu, nitasema ni kadi moja. Maandishi yanasema mwenye mali amebadilika.

Na watu waliomo: tai ilikatazwa zama za Mobutu, wanaume wa ofisi wakavaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai, mpaka 1990. Ukiona kundi la wanaume wa ofisi na hakuna tai hata moja, umekaribia.

Halafu jambo ambalo wengi mnalikosa: kadi moja ina tarehe tatu. Siku picha ilipopigwa, siku kadi ilipochapwa, siku ilipotumwa. Ninayo moja ambayo magari yake ni ya miaka ya 1950, maandishi yanasema Lubumbashi, na muhuri wa posta ni wa 1974. Mchapaji alichukua picha ya zamani akaipa jina jipya, duka likaiuza mpaka ikaisha. Msiniambie tena "kadi ya 1974" mkaishia hapo. Semeni mnazungumzia tarehe ipi kati ya hizo tatu.

Hatua ya 5. Kutunza. Hapa niliharibu, na nataka msome pole pole.

Mwaka 2014 mjane mmoja wa Kamalondo alinipa kadi 26 za marehemu mume wake, aliyefanya kazi kwenye treni. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza, na bati la nyumba yetu kule Katuba lilikuwa linavuja. Niliogopa maji. Nikazipeleka kwenye kibanda cha fotokopi kuplastifiye, yaani kufungiwa ndani ya plastiki kwa joto na gundi, kama tunavyofanya kwa kadi za uchaguzi na diploma. Nikatoka nje kupokea simu. Niliporudi, kijana alikuwa amemaliza zote. Zile zisizoenea kwenye plastiki yake alizipunguza kwa makasi, milimita tatu au nne upande wa chini. Upande wa chini ndipo penye herufi ndogo: jina la mchapaji, namba ya kadi, na kwenye baadhi, jina la jimbo. Kadi tisa zilikatwa hivyo. Zenye kung'aa zilitoka mapovu kwa sababu ya joto. Nilijaribu kufungua moja kwa wembe na sura yote ya picha ilibaki kwenye plastiki, kwa kuwa ile gundi ikishayeyuka inaingia ndani ya karatasi na haitoki tena. Yule mama alipokuja kuziangalia nilishindwa kunyanyua macho.

Kwa hiyo:

USIPLASTIFIYE. Hata kama zinalowa. Kadi iliyolowa inaweza kukaushwa taratibu kati ya karatasi nyeupe. Iliyopitishwa kwenye mashine imekwisha.

Usibandike kwa gundi wala skochi (utepe wa kunata). Albamu zile za kurasa zenye kunata, usiziguse. Vifuko vya plastiki vinavyonuka kama kitambaa kipya cha plastiki cha meza vina PVC, na vinakula rangi polepole. Tafuta vya polipropilini au poliesta. Ukikosa, funga kila kadi kwa karatasi nyeupe safi, uzisimamishe kwenye boksi.

Boksi lisikae sakafuni, kwa sababu ya mchwa, wala lisiegemee ukuta unaopigwa na mvua. Msimu wa mvua fungua kila mwezi uangalie. Usitie mchele eti unavuta unyevu, utawaita wadudu.

Hatua ya 6. Andika namba kwa penseli laini mgongoni, kwenye kona. Kwenye daftari andika nani alikupa, wapi, lini. Piga foto pande zote mbili.

Maswali yaje hapa chini.

---

Fiston wa Kampemba: [picha ya mbele] Mukubwa, hii bei gani?

Mwandishi: Mgongo, tafadhali.

Fiston wa Kampemba: Njo lazima? Kuna mutu anataka kuinunua leo.

Mwandishi: Ni lazima. Mimi sinunui wala siuzi, na sitaji bei ya kitu ambacho nusu yake sijaiona.

Mama Nyawera: Jambo yaya, niko Bukavu. Kwenye sanduku la mama yangu kuna kadi ya ziwa na rasi, imechapwa "Costermansville". Mtu amefuta jina hilo kwa kalamu ya wino na kuandika juu yake "Bukavu". Alama ya wino ni mbaya, inaonekana chafu. Je, kuna njia ya kuisafisha bila kuumiza kadi?

Mwandishi: Mama, nakuomba usiisafishe! Hiyo ndiyo sehemu bora ya kadi yako. Costermansville lilikuwa jina la Mbelgiji, na watu hawakuacha kusema Bukavu. Mtu fulani alikuwa na kadi hiyo mkononi, anataka kuituma, akakataa itoke nyumbani kwake na jina lile. Alifanya siasa kwa kalamu, kwenye sentimita mbili za karatasi. Kama una barua nyingine za nyumbani, linganisha mwandiko, unaweza kumjua. Na uangalie rangi ya wino wa kufutia na wa barua. Zikifanana, alifuta siku alipoandika.

Mama Nyawera: Nimelinganisha. Ni mwandiko wa babu, alikuwa mwalimu. Wino ni mmoja. Aksanti sana. Mama amelia kidogo.

Mwandishi: Mpe pole na heshima zangu. Maneno ya babu msiyaweke hadharani mpaka yeye akubali.

Mwana Ruashi: Mimi nimeplastifiye zangu tangu 2009, mpaka leo ziko safi. Labda kijana wako hakujua kazi.

Mwandishi: Labda. Lakini hata fundi mzuri anatumia joto na gundi ileile. Zako ziko safi kwa macho; jaribu kuandika namba kwa penseli mgongoni, au kugusa karatasi ujue ni ya aina gani. Huwezi tena. Nimeeleza hasara yangu ili mwingine asiipate, sikuieleza ili tupime nani alipata fundi bora.

Mwana Ruashi: Basi nimeelewa mukubwa, usikasirike. Zilizobaki sitazipeleka.

Kijana Virunga: Niko Goma. Nina kadi mbili za mtaa mmoja wa mjini, naamini ni mtaa uleule, lakini majengo hayalingani. Kwenye moja duka lina milango mirefu na ngazi, kwenye nyingine milango ni mifupi kama ya stoo. Nimekosea mtaa?

Mwandishi: Swali zuri sana, ndugu. Inawezekana hujakosea. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wenu, na watu walijenga na kutembea juu yake. Kuna majengo ambayo ghorofa ya chini ilizama. Usihesabu milango; hesabu madirisha ya juu na mapambo ya paa, hayo hayakusogea. Yakilingana, kadi yenye ngazi ni ya kabla ya 2002. Ukiweza, simama pale aliposimama mpiga picha, upige foto ya leo. Weka zote tatu pamoja.

Kijana Virunga: Madirisha ya juu ni matano kwenye zote mbili! Nitaenda asubuhi.

Mwandishi: Kwanza uliza kama mahali panaruhusu kupiga picha. Hakuna kadi inayostahili kukuletea matatizo.

Papa Zoo: Kadi yangu ina bendera yenye mstari mwekundu wa mshazari na nyota ya njano. Kwa hiyo ni baada ya 2006.

Mwandishi: Au ni kati ya 1966 na 1971. Bendera ya wakati ule ilifanana sana na hii. Mgongo unasemaje?

Papa Zoo: Tembre imetoka, haiko.

Mwandishi: Basi tazama magari na nguo. Na tafadhali, wote: tembre isiondolewe kamwe.

Solange K.: Yaya, kwa nini tuhangaike na za zamani tu? Za leo tutazipata wapi? Mimi sijaona postikadi mpya dukani tangu nizaliwe.

Mwandishi: Umegusa ninachokipenda. Dukani ni shida, lakini zinatoka kwa njia nyingine. Kadi za mwaliko za maonyesho ya Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa hapa mjini, na za Biennale de Lubumbashi, maonyesho ya sanaa yaliyoanza 2008, nyingi zina ukubwa wa postikadi na kazi za wasanii wa hapa. Kadi za mashabiki wa TP Mazembe: mwaka 2010 timu ilifika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu ikafungwa na Inter 3-0, na mji haukulala. Na kadi za wagombea, zile zenye sura na namba, za 2006, 2011, 2018 na 2023. Siku baada ya uchaguzi ziko mitaroni. Okota moja moja, zioshe vumbi kwa brashi kavu.

Papa Zoo: Kadi ya mgombea si postikadi. Haina nafasi ya anwani.

Mwandishi: Ni kweli, nami nimeziweka kwenye boksi lake. Lakini miaka thelathini ijayo mtu atataka kujua kampeni ilikuwaje kwetu, na atapata wapi?

Solange K.: Na kama ninataka kuchapa zangu? Napiga foto za wauza makaa na baiskeli zao kwenye barabara ya Kasenga.

Mwandishi: Fanya, dada yangu! Ukubwa 10.5 kwa 14.8, karatasi ya gramu 300. Mgongoni weka mahali, mwaka wa picha NA mwaka wa kuchapa, na jina lako. Usinifanyie kama yule mchapaji wa 1974. Waombe ruhusa waliomo, na uwapelekee kadi moja moja.

Mchapaji wa Kenya: Naongeza, mimi ni fundi wa uchapaji. Mwambie anayekuchapia asitie mng'ao mgongoni. Upande wa mbele sawa. Mgongoni ukitia, kalamu inateleza na tembre haishiki. Wateja wanalalamika kila mara.

Solange K.: Hilo sikulijua. Aksanti sana, papa. Na kona za mviringo?

Mchapaji wa Kenya: Zinapendeza, lakini kila kona ni pesa ya ziada. Anza na hamsini za kona kali.

Fiston wa Kampemba: [picha ya mgongo] Mukubwa, nimerudi. Sijauza.

Mwandishi: Vema umerudi. Naona tembre mbili za makuta, muhuri umefifia lakini neno Shaba linasomeka, na chini kabisa kuna namba ya mchapaji, haijakatwa. Nipigie foto nyingine mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Na huyu aliyeandika "mama hajambo, tunangoja mshahara" ni nani kwako?

Fiston wa Kampemba: Simujui. Nitauliza yaya yangu mukubwa.