Guta linachemsha? Toa hewa kwanza, hedi utafungua baadaye

Jumamosi jioni nimekaa barazani na kahawa yangu, simu ikaita. Dogo mmoja wa hapa mtaani Chikongola, anaendesha guta la mizigo.

"Shikamoo njomba. Limechemsha tena. Nipo Mikindani, nina magunia 8 ya korosho na tajiri anapiga simu kila dakika."

"Marahaba. Umezima?"

"Nimezima."

"Usifungue kifuniko cha rejeta."

Kimya kidogo. "Njomba, nishafungua."

Bahati yake maji yalirukia upande wa pili. Mimi mwaka ule yalinirukia mkononi, na kovu ninalo mpaka leo, kuanzia kiwiko hadi karibu na saa.

Lilikuwa limechemsha mara ya nne ndani ya mwezi mmoja. Fundi wa kwanza alibadilisha gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya silinda na kichwa chake. Wa pili akatoa themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, akaitupa, akasema huku pwani hakuna baridi, haina kazi. Wa tatu akamwambia ajiandae kununua bloku, yaani mwili wa injini. Kumbe injini haikuwa na ugonjwa wowote. Naandika tulivyofanya, kwa sababu msimu huu wa korosho nimeshaulizwa jambo hilihili na watu watatu tofauti.

Haya ni kwa guta la magurudumu matatu lenye rejeta, zile injini za cc 200 zinazopozwa kwa maji. Kama lako linapozwa kwa upepo mtupu, ruka moja kwa moja hatua ya 6.

Hatua ya 1: Likichemsha njiani

Simama kivulini, zima injini, lakini rudisha ufunguo kwenye "on" kama feni inazunguka, iendelee kupuliza. Kaa nusu saa. Kipimo changu ni mpira wa juu wa rejeta: ukiweza kuushika kwa kiganja na kuhesabu mpaka kumi bila kuachia, sasa weka kitambaa kinene juu ya kifuniko, kilegeze robo, subiri ipumue, ndipo ufungue. Ndani ya rejeta maji yamebanwa, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu, yanachemka yote kwa mpigo, na yanatokea hapo ulipoweka uso.

Na usimwagie injini maji ya baridi kama unamwogesha ng'ombe. Hedi ni aluminiamu, ikipinda hapo ndipo utamhitaji yule fundi wa gasketi kweli.

Hatua ya 2: Maji yanatokea wapi?

Angalia klipu za mipira, angalia mipira yenyewe sehemu zinazokunja, angalia chini ya wota pampu, ile inayozungusha maji. Pampu ina kitundu kidogo upande wa chini. Kikidondosha maji, sili imekwisha, badilisha. Angalia pia raba ya kifuniko cha rejeta. Ikiwa imekauka na kupasuka, nunua kifuniko kipya, usikate raba ya tyubu ukaibandika.

Mapezi ya rejeta yakijaa vumbi jekundu na manyasi, osha kwa maji ya taratibu ukitokea upande wa feni kwenda nje. Vijana wa kuosha magari wakikuelekezea ile mashine yao ya presha, kataa. Inalaza mapezi yote, halafu hata upepo wa kusi haupiti.

Hatua ya 3: Feni

Watu wanaangalia kama feni inazunguka wakaridhika. Angalia inazunguka kuelekea wapi. Feni iliyo nyuma ya rejeta inatakiwa ivute upepo kutoka mbele. Fundi akiunganisha nyaya mbili kinyume, mota inazunguka vizuri kabisa, tena kwa kelele ya kutia moyo, ila inasukuma upepo mbele, unagongana na ule unaokuja ukiwa kwenye mwendo. Chukua karatasi ya daftari, iweke mbele ya rejeta feni ikiwa inazunguka. Ikinata, sawa. Ikipeperuka, geuza nyaya.

Kama haizunguki kabisa, anza na fyuzi. Ikiwa nzima, chomoa waya wa sensa, ile inayohisi joto la maji na kuwasha feni. Sensa ya waya mmoja, gusisha ule waya kwenye chuma cha bodi, ufunguo ukiwa "on". Ya nyaya mbili, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe. Feni ikiamka, basi mota, fyuzi na moto viko sawa. Tatizo ni sensa, au sensa nzima ambayo haiguswi na maji ya moto. Hili la pili nitalirudia, maana ndilo lililowazungusha mafundi wote watatu.

Mimi magari yangu yote mawili nimefunga swichi ya mkono ya feni karibu na usukani, sambamba na sensa. Kuna watu wanasema ni uchafu wa nyaya. Waache waseme. Ukiwa unapandisha kwenda Newala na mzigo, unawasha feni kabla joto halijafika.

Hatua ya 4: Unaweka maji gani?

Sitabishana sana hapa. Maji ya visima vingi vya huku pwani yana chumvi, unaona mwenyewe sufuria ya chai inavyoota ukoko mweupe. Ukoko huohuo unaota ndani ya vijia vya rejeta, na chumvi inakula aluminiamu. Tumia kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Ile nzito changanya nusu kwa nusu na maji safi; iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, mimina kama ilivyo. Huna hela ya kulanti, kinga maji ya mvua au nunua maji ya betri yale yasiyo na tindikali. Soma chupa kwanza, kuna mtu alimimina tindikali kwenye rejeta na hakuwa mlevi.

Maji ya bomba ni ya dharura barabarani tu. Ukifika nyumbani, mwaga.

Hatua ya 5: Kutoa hewa

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima pale Mtama, tangu baada ya alasiri mpaka watu wanatoka msikitini isha. Nilijaza maji, likachemsha. Nikajaza, likachemsha. Rejeta imejaa hadi mdomoni, sioni tone linalovuja, na injini inawaka kama jiko la mkaa.

Dalili yake ni hii: shika injini, huwezi. Shika rejeta upande wa chini, baridi kama mtungi. Maana yake maji hayazunguki. Kuna hewa imekaa juu, kwenye hedi, na pampu ndogo kama hii haina nguvu ya kuisukuma. Sensa nayo ikiwa imezungukwa na hewa badala ya maji, haipati habari, feni inalala. Mtu anaona feni imelala anabadilisha sensa. Anabadilisha sensa, hali ileile, anafungua hedi.

Fanya hivi, injini ikiwa ya baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi.

Kwanza, simamisha guta mahali ambapo kifuniko cha rejeta ndicho kitu kilicho juu kuliko vyote. Hili ndilo kosa langu la Mtama. Nilikuwa nimeegesha pembeni ya barabara, pua imeinama kwenye mteremko, rejeta yangu iko mbele. Hewa inapanda juu siku zote, na juu palikuwa hedi, kwa hiyo hata ningemimina bahari ya Hindi yote, ile hewa ingebaki palepale. Kama rejeta iko mbele, pandisha gurudumu la mbele juu ya matofali au egesha pua ikitazama kilima, na weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Mzigo uwe umeshushwa. Yapo maguta yenye rejeta ubavuni chini ya kiti. Hayo usiyafuate haya kwa kukariri, tazama kifuniko kiko upande gani, upande huo ndio uinue.

Pili, mimina polepole. Mkondo mwembamba, kama unayemimina mafuta ya taa kwenye kibatari. Huku mkono wa pili unaminya mpira wa juu na wa chini, unaachia, unaminya. Utasikia linabwabwaja.

Tatu, tafuta nati ya kutolea hewa kwenye hedi au kwenye pampu. Kama ipo, ilegeze kidogo tu mpaka maji yatoke bila mapovu, kaza. Angalizo: usiitoe yote, na usiikaze kwa hasira, ile ni aluminiamu, meno yake yakifa umeongeza kazi. Angalizo la pili: kama hujui nati ipi ni ipi, USIGUSE nati za hedi kwa kubahatisha. Legeza klipu ya mpira wa juu pale unapoingia kwenye injini, inua ukingo wa mpira kwa bisibisi bapa, hewa itapumua hapo. Kazi ileile.

Nne, washa injini kifuniko kikiwa wazi, iache kwenye silensa, yaani iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta. Usikae na uso juu yake. Maji yatapanda na kushuka, yatacheua kama mtoto aliyeshiba. Kila yakishuka, ongeza. Baada ya dakika kadhaa mpira wa juu utapata moto ghafla na maji yatazama. Hapo themostati imefunguka, na hapo ndipo wengi wanafunga kifuniko wakidhani wamemaliza. Bado. Ongeza, endelea kuminya, subiri mpaka feni iwake yenyewe na izime yenyewe. Mimi nasubiri mara mbili. Rejeta sasa lazima iwe ya moto juu na chini.

Funga. Kesho yake asubuhi, kabla hujawasha, fungua uangalie tena. Yakiwa yamepungua kidogo, ongeza. Yakiwa yamepungua kila siku na huoni yanapovuja, soma aya inayofuata kwa makini.

Ile chupa ya akiba ina mpira mwembamba unaotoka shingoni mwa rejeta. Injini ikipata moto, maji ya ziada yanakwenda kwenye chupa. Ikipoa, rejeta inayanyonya kurudi. Mpira huo lazima ncha yake izame chini ya maji ndani ya chupa, na usiwe na ufa popote. La sivyo, kila usiku injini ikipoa rejeta inanyonya hewa badala ya maji, na asubuhi umerudi mwanzo. Guta la dogo tulitoa hewa Jumapili, likatulia, Jumatatu asubuhi hewa imo tena. Nikapitisha kidole kwenye ule mpira mdogo: chini kidogo ya shingo ya rejeta, panaposuguana na fremu, kulikuwa na ufa usiozidi punje ya mchele. Tulikata futi moja ya mpira mpya. Hela ya chai.

Hatua ya 6: Vitu vingine vinavyotia joto

Breki za nyuma zilizokazwa mno. Inua nyuma kwa jeki, gia huru, zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, injini inavuta mzigo na breki kwa pamoja.

Oili: pima, usikisie. Iliyopungua haipozi kitu. Hii ndiyo roho ya injini za upepo, na hizo pia zisiwe na tope kwenye mapezi ya silinda.

Plagi ikiwa nyeupe kama chaki, kabureta inatoa mafuta kidogo kuliko inavyotakiwa, au kuna mahali inanyonya hewa. Rangi ya kahawia ndiyo nzuri.

Na gia. Vijana mnapandisha mlima na gia ya tatu injini inakohoa. Shusha mapema.

Hatua ya 7: Sasa unaweza kushuku gasketi

Kama umetoa hewa ipasavyo na mapovu hayaishi hata baada ya dakika 20, yanakuja kwa mfululizo na yanazidi ukikanyaga mafuta. Au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Au ekzosi inatoa moshi mweupe hata injini ikiwa ya moto, basi moshi wa silinda na maji vimekutana. Fungua hedi, na kabla hujaweka gasketi mpya ipeleke ikapimwe kama imepinda. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kununua wiki mbili.

Dogo jana kaenda Naliendele na kurudi, mzigo kamili, jua la saa saba. Tunachotafuta sasa ni themostati, maana ile iliyotupwa hatujaiona, na injini yake inachelewa kupata joto asubuhi inakunywa mafuta. Mwenye nayo ya cc 200, iliyotumika sawa tu: itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto kwanza, ifunguke mbele ya macho yako, ndipo uniambie bei.