Namna ya Kuigiza Mhusika Mwenye Alama Ndogo
Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotoka Marekani mwaka 1974, dadu tatu humpa mhusika alama kati ya 3 na 18 kwa kila sifa, kama akili, hekima na nguvu, na wastani wake ni 10.5. Kwa hiyo akili ya 8, ambayo katika toleo la tano hupunguza 1 tu kwenye dadu inayorushwa kuamua jaribio, si upumbavu hata kidogo. Chagua pengo moja mahususi: mezani kwetu Sinza, mhusika mwenye akili ya 6 hajui kusoma ramani, lakini huuliza njia kwa kila mchuuzi bila haya, na hufika. Mwenye hekima ndogo anaweza kujua mengi, ila huamini watu upesi. Nguvu ndogo haihitaji maigizo mengi. Ukijiwa na mpango mzuri usiomfaa mhusika wako, mnong'oneze mwenzako ili mhusika wake auseme.